Tujihadhari na Hatari Zisizoonekana Kazini



Mtaa wetu wa Wadi Kabir ni mtaa wa watu wa kazi. Anayeshuka kutoka Ruwi asubuhi hupita mbele ya magereji, karakana za mbao na za chuma, maduka ya vipuri na maghala. Ndani ya nyumba zilizobanwa na majabali wanaishi madereva, wauguzi, wasafishaji, wauza nyama, mafundi wa mabomba, na kina dada waliokuja kutumikia majumbani. Kila mmoja wao anazijua vyema hatari za kazi yake zinazoonekana kwa macho: msumeno, waya wa umeme, jua la mwezi wa Juni, gari linalorudi nyuma.

Katika toleo hili tumependa tuzungumzie hatari za aina nyingine, zisizo na sauti, harufu wala rangi. Hizi ni hatari zinazoletwa na viumbe hai vidogo mno, yaani virusi, bakteria, kuvu na vimelea. Wataalamu huziita hatari za kibaiolojia. Humwingia mfanyakazi kwa njia nne: kwa ngozi iliyochanika au macho, kwa mdomo, kwa pumzi, na kwa kuchomwa na sindano, kisu au mdudu. Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa hatari hizi, alhamdulillahi, kinga ipo, na nyingi yake haihitaji fedha.

Kwa kuwa uwanja huu ni mpana, tumechagua kuanza na damu ya mnyama wa kuchinjwa. Hatari yake imethibitishwa hapa hapa Oman, na kila mwaka siku za Idi huwafikia hata watu ambao hawajioni kuwa ni wachinjaji.

HOMA YENYE MAJINA MAWILI

Mwaka 1944, huko Krimea, askari na wakulima walipatwa na homa kali iliyofuatiwa na kutokwa damu. Miaka 12 baadaye, mwaka 1956, virusi vilipatikana katika damu ya mtoto mgonjwa katika mji wa Stanleyville, ambao leo ndio Kisangani, mji wa Kongo ambao Kiswahili kinasemwa mpaka sokoni. Baadaye wataalamu walipolinganisha virusi vya pande zote mbili waliona kuwa ni vile vile. Ndipo ugonjwa ukapewa majina yote mawili pamoja, ukaitwa homa ya kutokwa damu ya Krimea na Kongo.

Mwenye kuibeba ni kupe, hususan kupe wa jamii ya Hyalomma, ambaye miguu yake ina mistari kama pete. Kupe huyo humuuma mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia, naye mnyama huambukizwa. Binadamu hupata ugonjwa kwa kuumwa na kupe, kwa kumpasua kupe kwa vidole, au kwa kuguswa na damu na viungo vibichi vya mnyama mwenye virusi. Vile vile hupata kwa kuguswa na damu ya mgonjwa. Mwaka 1979, katika nchi jirani yetu, mjini Dubai, homa hii iliingia hospitali pamoja na mgonjwa, ikawaambukiza watumishi waliomhudumia.

Dalili huanza ghafla: homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, kizunguzungu, mgongo kuuma, macho kuumizwa na mwanga, kutapika. Baada ya siku chache huweza kufuata madoadoa ya damu chini ya ngozi na kutokwa damu puani, katika fizi au katika choo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika milipuko ya ugonjwa huu hufariki baina ya watu 10 na 40 katika kila wagonjwa 100.

YALIYOONEKANA OMAN

Wagonjwa wa mwanzo kuthibitishwa katika Usultani walionekana katika miaka ya 1995 na 1996. Walikuwa wanne, na hapana uhusiano wowote uliojulikana baina yao. Wataalamu wakaona ni vyema wapime damu za watu wazima wa afya ambao kazi zao huwakutanisha na mifugo na nyama. Katika watu 241 wasiokuwa raia, 73 walikutwa na alama ya kwamba virusi viliwahi kuingia miilini mwao. Katika raia 41 alikuwako mmoja tu.

Tuyapime maneno haya kwa uadilifu. Yumkini baadhi ya wageni wale waliambukizwa makwao kabla ya kusafiri. Hata hivyo, hesabu hiyo inatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba virusi huweza kumpitia mtu asijue, akaendelea na kazi yake kama kawaida. La pili ni kwamba mzigo wa hatari humwelemea yule ambaye kisu kipo mkononi mwake kila siku, naye aghalabu ni mgeni mwenye mshahara mdogo, ambaye huona taabu kumwambia tajiri wake kuwa hana glavu.

Baada ya hapo ukapita muda mrefu wa utulivu. Tangu mwaka 2011 homa ilirudi, na kufikia mwaka 2017 walikuwa wamethibitishwa wagonjwa 88 nchini. Zaidi ya theluthi yao walifariki. Wengi walikuwa watu waliogusa wanyama au nyama mbichi, na idadi ya wagonjwa ilionekana kupanda karibu na siku za Idi ya kuchinja. Kwa kuwa mwaka wetu wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, Idi huzunguka misimu yote, na zipo zama ambapo huangukia katika miezi ya joto, wakati ambao kupe wamechangamka.

MNYAMA MZIMA, DAMU YENYE HATARI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi hudhani kuwa mnyama mgonjwa atajulikana: atalegea, atakataa majani, jicho litatoa tongo. Ni desturi njema kumkagua mnyama, na dhabihu yenyewe yataka mnyama asiye na kasoro. Lakini katika homa hii mbuzi na kondoo hawaonyeshi ugonjwa. Virusi hukaa katika damu ya mnyama kwa muda wa takriban wiki moja, ilhali anakula, anaruka na kulia kama wenziwe. Akichinjwa ndani ya wiki hiyo, damu yake ni hatari. Akichinjwa baadaye, hana neno. Jicho la mnunuzi, hata liwe na uzoefu wa miaka 40, haliwezi kutambua.

Kwa hiyo mwenye kungoja dalili ndipo avae glavu atakuwa amechelewa. Kanuni iliyo salama ni kuihesabu damu ya kila mnyama kuwa huenda ina madhara, na kujikinga nayo kila mara kwa namna ile ile.

Tuondoe pia khofu isiyo na msingi. Nyama iliyopikwa ikaiva haina hatari ya homa hii, kwani moto huviua virusi. Shuwa iliyolala shimoni usiku kucha, mishkaki iliyoiva barabara, mchuzi uliochemka, vyote hivyo viliwe kwa furaha. Hatari imo katika zile saa chache zilizo baina ya kisu na chungu.

Wala homa hii si peke yake. Ugonjwa wa brusela, ambao katika Oman umeenea zaidi Dhofar, huwapata wafugaji wanaozalisha mifugo kwa mikono mitupu na watu wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa. Homa ya Bonde la Ufa tunaijua kwetu: baina ya mwisho wa mwaka 2006 na katikati ya mwaka 2007 iliua watu 155 nchini Kenya na 109 nchini Tanzania, wengi wao wakiwa wafugaji na watu waliochinja au kushika nyama ya mifugo iliyougua. Mwaka 2000 homa hiyo hiyo ilivuka bahari kwa mara ya kwanza ikaingia Saudi Arabia na Yemen. Mifugo husafiri kwa vyombo baina ya pwani zetu mbili kama walivyosafiri babu zetu, na maradhi hayaulizwi pasipoti.

NYUMBA YAKO NI MAHALI PA KAZI

Tunapotaja mahali pa kazi, fikra hukimbilia machinjioni, hospitali au karakana. Lakini tazama siku ya Idi. Mbuzi ameletwa kutoka soko la habta siku mbili tatu kabla, amefungwa uani, watoto wanamchezea na pengine kumng'oa kupe kwa vidole. Asubuhi anaitwa mchinjaji wa kupita njia, asiye na buti wala glavu, ambaye amekwisha kuchinja nyumba tano kwa kisu kile kile. Anachinja, anachuna, anapokea ujira wake na kuondoka. Kinachobaki ni damu sakafuni, ngozi, kichwa, miguu na matumbo.

Nani hufanya kazi iliyobaki? Katika nyumba nyingi ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayeinama kusafisha matumbo, kusugua sakafu na kubeba mifuko ya taka, mara nyingi kwa mikono mitupu yenye michubuko ya sabuni na ya visu vya jikoni. Akipata homa wiki moja baadaye huambiwa kuwa ni mafua au uchovu wa Idi, akapewa vidonge viwili vya maumivu na kuendelea na kazi.

Sisi ambao hulalamika, na kwa haki, kuwa matajiri wetu hawatupi vifaa vya kujikinga, tukumbuke kuwa ndani ya nyumba zetu matajiri ni sisi. Mwenye nyumba aliyeagiza kazi ile ifanywe ndiye mwenye jukumu la kuifanya iwe salama. Glavu ngumu za mpira kutoka duka la pembeni bei yake haifiki hata kidogo bei ya mbuzi.

NGAZI YA KINGA

Wataalamu wa usalama kazini huipanga kinga kama ngazi, na hutaka ianzwe juu. Wengi wetu huanzia chini, kwa kununua glavu, tukadhani tumemaliza.

Daraja ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Mpeleke mnyama katika machinjio ya Baladia. Huko yupo daktari wa mifugo anayemkagua mnyama na nyama, ipo mifereji ya damu, na taka huondolewa kwa utaratibu. Kwa hatua hiyo moja, uani kwako hapatakuwa na damu ya kuoshwa wala matumbo ya kusafishwa. Kwa wenye mazizi, katika daraja hii imo kunyunyiza dawa ya kupe wiki mbili kabla ya kuchinja na kuwatenga wanyama wapya.

Daraja ya pili ni kumtenga mtu na hatari. Mnyama asifungwe wanapocheza watoto. Wasiohusika na kazi wasisimame karibu wakati wa kuchinja na kuchuna. Katika machinjio na mabucha, pawepo mahali pa kuoshea mikono palipo karibu, maji yatembee, na pa kulia chakula pawe mbali na pa kazi.

Daraja ya tatu ni utaratibu. Kazi ifanywe na mwenye ujuzi, kwa kisu kikali, bila haraka, kwani majeraha mengi huja watu wanaposhindana na saa. Asiguse nyama mbichi mwenye kidonda kisichofunikwa. Asile, asinywe wala asivute sigara akiwa kazini, wala asijipanguse uso kwa mkono wenye damu. Tukumbuke kuwa mnyama akifa, kupe humhama kutafuta mwenyeji mwingine. Kwa hiyo ngozi isiachwe ikalala uani, bali ifungwe na kuondolewa mara moja. Kupe asipasuliwe kwa kucha. Aliyekwisha kuuma avutwe taratibu kwa kibano, karibu na ngozi, kisha mahali pale paoshwe kwa sabuni. Damu iliyomwagika ifunikwe kwa kitambaa au karatasi, imwagiwe dawa ya klorini ya kusafishia nyumba iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, iachwe dakika kumi, ndipo ipanguswe. Klorini isichanganywe na dawa nyingine ya chooni, maana hutoa hewa ya sumu.

Daraja ya nne, ya mwisho, ni vifaa vya mwilini: glavu, aproni isiyopitisha maji, buti za mpira, nguo za mikono mirefu na miwani ya kukinga macho damu inaporuka. Vina faida kubwa, ila glavu hutoboka na miwani husahauliwa. Ndiyo maana vikawekwa mwisho, viwe nyongeza ya zile daraja tatu. Glavu zikivuliwa, mikono ioshwe kwa sabuni vile vile.

KATIKA KAZI NYINGINE

Ngazi hii hii humfaa kila mfanyakazi. Muuguzi, msafishaji wa hospitali na mfua nguo wa wagonjwa hatari yao kubwa ni sindano iliyotupwa ovyo. Asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini ya aina B, uwezekano wa kuambukizwa huweza kufika 30 katika 100. Kwa virusi vya Ukimwi ni takriban 3 katika 1000. Homa ya ini ya aina B ina chanjo madhubuti, kwa kawaida ya dozi tatu. Aliyezaliwa kabla chanjo hiyo haijaanza kutolewa kwa watoto wachanga, naye anafanya kazi penye damu, aulize apimwe na achanjwe. Sindano isirudishiwe kifuniko chake. Itupwe papo hapo katika kasha gumu. Mzoa taka asikandamize mfuko kwa mkono wala kwa goti.

Fundi wa mabomba na msafisha makaro wanahitaji buti, glavu na chanjo ya pepopunda isiyopitwa na muda. Anayesafisha matangi ya maji na mitambo ya kupoza majengo makubwa ajue kuwa maji vuguvugu yaliyotuama huzaa bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kwa mvuke na matone madogo. Anayefagia ghala lenye kinyesi cha panya au cha njiwa anyunyize maji na dawa kwanza, ili vumbi lisipande.

IKITOKEA UMEGUSWA

Ukijikata au kuchomwa, osha kwa maji yanayotembea na sabuni. Usikamue wala usinyonye jeraha. Damu ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi. Mwarifu msimamizi wako na iandikwe tarehe. Kwa sindano, nenda hospitali saa ile ile, kwani dawa ya kuzuia Ukimwi inatakiwa ianzwe mapema na isipindukie saa 72, na kinga ya homa ya ini hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24.

Kwa aliyeshika mnyama, nyama mbichi au kupe, ahesabu siku 14. Akipata homa ndani ya siku hizo asijitibu nyumbani, na hasa asimeze aspirini, ambayo huongeza kutokwa damu. Aende kituo cha afya, na kabla hata ya kuulizwa aseme wazi: “Nimechinja,” au “Nimeosha matumbo,” au “Niliumwa na kupe.” Maneno hayo machache humwelekeza daktari kwenye kipimo kinachofaa, na huwapa wauguzi nafasi ya kujikinga. Wengi huyaficha kwa kuona haya au kwa kudhani hayahusiani na homa. Dada wa kazi asiyejua Kiarabu wala Kiingereza apelekwe na mtu wa kumtafsiria.

HAKI NA WAJIBU

Oman ina kanuni za usalama na afya kazini, zilizotolewa kwa Uamuzi wa Waziri nambari 286 wa mwaka 2008, na Sheria ya Kazi mpya ilitoka kwa Amri ya Kifalme nambari 53 ya mwaka 2023. Msingi wake ni kuwa mwajiri amjulishe mfanyakazi hatari za kazi yake na ampe kinga. Ulimwengu nao umeamka: mwezi Juni mwaka 2025, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 192, ambao ni wa kwanza wa kimataifa kuhusu hatari za kibaiolojia kazini hasa. Kuomba glavu, kwa hiyo, si utovu wa adabu.

Tunawaomba wasomaji wetu mambo matatu kabla ya Idi ijayo. Kila nyumba ijue machinjio ya Baladia iliyo karibu nayo na iweke miadi mapema. Kila nyumba yenye dada wa kazi imnunulie glavu na imweleze kwa lugha yake sababu ya kuzivaa. Na kila anayeusoma ukurasa huu amsomee jirani asiyejua kusoma, hususan vijana wa mabucha na wa mazizi, ambao ndio wenye haja nayo zaidi.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi, watoto wetu na wote wanaotutumikia, na azitakabali ibada zetu. Amin.